Kuseti bunduki ya nyati kabla ya kuingia pori la akiba la Maswa

Bunduki ya nyati haiaminiwi kwa kuwa mwaka jana ilipiga vizuri. Kutoka Mwanza mpaka Bariadi ni lami. Baada ya hapo ni vumbi na makorongo, na mtikisiko huo hulegeza skrubu za darubini. Basi iseti mjini kwa utulivu, yaani rekebisha darubini mpaka risasi igonge unapolenga, kisha kambini uihakiki kwa risasi 2 kabla ya kumfuata mnyama.

Vipimo hapa ni vya bunduki ya kaliba .375 H&H yenye risasi ya greini 300 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi). Kwa nyati, usishuke chini ya .375.

Leseni na vibali viwe mkononi, na mahali pawe uwanja wa shabaha uliokubaliwa. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo laini, kimo mita 3 au zaidi. Mwanza mawe yako kila upande, na risasi ikigonga jabali huruka kusikojulikana. Hapo hakuna mjadala.

Fungua bolti (komeo la kupakilia risasi), toa risasi zote, chungulia mtutu. Pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke bila mafuta. Watu wa kando ya ziwa tunapaka mafuta mengi kwa kuogopa kutu, na yakibaki ndani, risasi ya kwanza hupotea njia. Kaza skrubu za kitako kwanza, halafu za pete za darubini, kidogo kidogo kwa kupishanisha. Jicho likae kama sentimita 9 kutoka kwenye kioo. Likisogea karibu zaidi, teke la bunduki litakupasua nyusi.

Weka karatasi mita 50. Laza mbao ya mbele ya bunduki juu ya mfuko wa mchanga; mtutu wenyewe usiguse kitu. Piga risasi 3, pumzisha mtutu dakika 5, kisha pima kutoka katikati ya matundu yote matatu, usifuate tundu moja. Darubini nyingi husogeza risasi milimita 7 hivi kwa kliki moja (mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia) kwenye mita 100, kwa hiyo mita 50 ni 3.5. Ikiwa umepiga sentimita 6 chini na 4 kushoto, panda kliki 17, nenda kulia 11. Piga 3 tena. Ikigonga katikati mita 50, mita 100 itagonga karibu palepale.

Matundu yakitawanyika zaidi ya sentimita 5, usiguse darubini. Kagua skrubu, hakikisha hukuchanganya aina za risasi, kisha jipime mwenyewe: mwenzako akupakilie, mara nyingine aweke risasi bandia bila kukuambia. Mtutu ukiinama unapofyatua ile bandia, tatizo ni woga wa teke. Kosa hili ndilo linalojeruhi nyati, na dawa yake ni mazoezi mengi ya bunduki tupu.

Sasa achana na mfuko wa mchanga. Porini utapiga ukiwa umesimama, bunduki iko juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja, darubini imeshushwa kwenye ukuzaji mdogo kabisa. Fanya hivyo mita 50 na mita 80, na uvute bolti bila kushusha kitako begani, kwa sababu risasi ya pili hutakiwa papo hapo.

Chora nyati wa ubavu kwenye boksi. Ukilenga, panda na mstari wa mguu wa mbele mpaka theluthi moja ya kifua kutoka chini. Nundu ya bega huwadanganya wengi wakapiga juu mno. Risasi ya ncha laini itangulie. Risasi ngumu, isiyopanuka, hutoboa na kumpiga aliye nyuma, hivyo ndani ya kundi subiri atengane na wenzake.

Akianguka, pakia tena, mfikie kwa nyuma, mguse jicho kwa ncha ya mtutu. Akipepesa, piga.