Namna ya kusoma chumvi za Bagamoyo ukiwa na Mirihi kichwani

Wadau, kama uko Bagamoyo na unapenda mambo ya sayari, huna haja ya kungoja nauli ya Chile, anzia hapo hapo kwenye mashamba ya chumvi. Watafiti wanaenda jangwa la Atacama huko Chile, Death Valley kule Marekani na Danakil ya Ethiopia kwa sababu maji ya chumvi yakikauka juani yanaacha madini kwa foleni, hiki kwanza kile baadae, na foleni hiyo ndo wanaitafuta Mirihi. Sisi foleni tunayo, tena bwawa kwa bwawa.

Nenda kipindi cha kaskazi, Januari au Februari, mvua ikianza utakuta imeyeyuka. Ukifika salimia wenye kazi, omba ruhusa, na usikanyage bwawa linalokaribia kuvunwa, mtu kahangaika siku zote hizo halafu wewe unamtia matope! Waulize pia, wao wanajua bwawa lipi maji yake makali bila hata kipimo.

Beba chupa tatu: ya maji ya bahari yanapoingilia, ya bwawa la katikati, na ya bwawa la mwisho chumvi inapoganda. Andika kwenye chupa hapo hapo, bwawa gani, tarehe, saa. Naomba usilipuuze hili, maana punje nyeupe isiyojulikana imetoka wapi ni chumvi ya mboga tu, haikwambii chochote.

Nyumbani mimina kila maji kwenye sahani yake pana ya rangi nyeusi, anika, funika na kipande cha chandarua vumbi lisiingie, halafu chungulia kila siku na piga picha. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kilo. Kinachoanza kuganda ni chokaa, kidogo mno. Maji yakibaki kama moja ya tano inakuja jasi, yale madini ya kutengenezea plasta, yakibaki kama moja ya kumi ndo chumvi yenyewe, na mwisho kabisa yanabaki maji machungu yenye magnesi, haya kwa unyevu wa pwani yetu hayakauki kirahisi.

Sasa kutambua. Chumvi ni vijichemraba, jasi mara nyingi ni vijisindano au vibapa na ukucha unaikwaruza. Dondoshea siki, chokaa itatoa povu, ila angalia usidanganywe na vipande vya makombe, navyo vinatoa povu. Usisuuze kwa maji ya bomba, mimi sampuli zangu za kwanza niliziosha hivyo na zikaisha mkononi, roho iliniuma sana. Lita moja ya maji inayeyusha chumvi zaidi ya gramu 350 wakati jasi ni kama gramu mbili tu, kwa hiyo suuza kwa maji ya bwawa lile lile.

Kama una lenzi ya kubandika kwenye simu, tazama ndani ya punje kubwa za chumvi, utaona vijishimo vyenye maji. Mimi hapa ndo napapenda kuliko kote, hayo ni maji ya bwawa yaliyofungiwa siku punje inakua, na vijidudu vinavyopenda chumvi, vile vinavyotia maji rangi ya waridi, vinaweza kunaswa humo. Atacama kuna vijidudu vinaishi ndani ya mawe ya chumvi kwa kunyonya unyevu wa hewa. Ndo maana mwaka 2008 chombo cha Mars Odyssey kilivyoonyesha madoa ya chumvi Mirihi watu walishtuka. Roboti ya Opportunity ikaja kukuta mshipa wa jasi huko huko mwaka 2011, na roboti nyingine, Curiosity, inapanda mlima ambao chini una udongo wa mfinyanzi na juu salfeti, yaani chumvi za salfa kama jasi, foleni ya kukauka kabisa. Hata magadi, kama yale ya Ziwa Natron, yamekutwa kwenye vumbi la asteroidi Bennu, mwamba unaozunguka Jua, lililoletwa duniani 2023.

Ila usilinganishe kila kitu. Maji yetu ni ya bahari, ya Mirihi yalipita kwenye mawe ya volkano, kwa hiyo kule salfeti za chuma na magnesi ni nyingi kuliko utakazopata wewe.

Vikishakauka hifadhi kwenye vichupa vya kufunga kabisa, vikiachwa wazi vinaloa. Ukimaliza rudia maji ya bwawa la mwisho, sahani moja juani nyingine kivulini, upime punje zipi zimekuwa kubwa.