Kifaa cha kutuliza maumivu ya mgongo: majaribio na wiki za kwanza

Kifaa hiki (spinal cord stimulator) hutuma umeme mdogo karibu na uti wa mgongo ili kupunguza maumivu. Kwanza kuna majaribio ya siku 3 hadi 7. Waya nyembamba hupitishwa kwa sindano hadi karibu na uti wa mgongo, betri ikibaki nje. Yape maumivu alama 0 hadi 10 asubuhi na jioni, ukiwa umekaa na ukitembea. Yasipopungua angalau nusu, usikubali upandikizaji, hata ukibembelezwa.

Ukishapandikizwa, tatizo kubwa ni waya kuhama kabla haujashikwa na kovu. Kwa wiki 6 hadi 8 usiiname, usijipinde, usiinue mikono juu ya kichwa wala kubeba zaidi ya kilo 2. Mtungi wa maji, jembe, na bodaboda kwenye barabara mbovu za Kakamega vingoje. Waya ukihama, mtekenyo unaoletwa na umeme wa kifaa huruka mbavuni au hupotea. Daktari hubadilisha programu ya kifaa kwanza, ikishindikana anapasua tena.

Betri ya kuchajiwa ichaji ikifika nusu. Stima Kisumu inaweza kukatika bila taarifa.

Kidonda kikitoa usaha, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukiziba, usingoje hata saa moja. Kadi ya kifaa ionyeshwe kabla ya MRI (picha ya mwili kwa sumaku) yoyote.