Kutoka jukwaani hadi mbele ya kamera: video ya kwanza ya usaili, kwa binti wa Bagamoyo

Binti aliyekulia kwenye ngoma na maigizo ya Bagamoyo anakuja na mtaji ambao wengi wa mjini hawana: pumzi ndefu, mwili unaomtii, na sauti. Kasheshe ni kwamba mtaji huohuo ndio unaomwangusha mbele ya kamera. Jukwaani unarusha sauti imfikie aliyekaa mstari wa mwisho. Kwenye filamu, huyo wa mstari wa mwisho amehamia hatua moja kutoka puani mwako. Ukimpigia kelele, anageuza uso.

Milango ya kuingilia ni mingi. Wema Sepetu aliingia filamuni baada ya kuvaa taji la Miss Tanzania mwaka 2006. Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alianza utotoni na kundi la Kaole. Monalisa ni mtoto wa mwigizaji, Natasha. Mkenya Lupita Nyong'o alicheza Juliet wa Romeo and Juliet jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, kisha filamuni akapitia mlango wa nyuma: alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa nyuma ya kamera kwenye filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka 2005. Akaigiza kwenye tamthilia ya Shuga mwaka 2009, akamaliza Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 2012, na Oscar ikafika 2014. Taji huwezi kulipangia ratiba, na mama hachaguliwi. Ila mlango wa nyuma uko wazi kwa yeyote: kundi likija kushuti Mji Mkongwe wa Bagamoyo au kwenye magofu ya Kaole, omba kushika klapa (kibao kinachopigwa mwanzo wa shoti) au rifleketa (ubao wa kurudisha mwanga) hata siku mbili. Utaona kwa macho yako kwa nini sini (onyesho moja la filamu) ya dakika moja inakula asubuhi nzima.

Jukwaa nalo usiliache. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, bado ni mahali pazuri pa kujenga mwili na sauti. Kinachoongezwa ni kujifunza kupunguza.

Chumba, mwanga na upepo

Waongozaji wengi siku hizi hawakuiti Dar kabla hawajakuona kwenye simu. Wanatuma ukurasa mmoja au miwili ya skripti, nawe unarekodi na kurudisha. Video mbovu inakufungia njia hata kama umeigiza vizuri, kwa sababu anayeitazama ana nyingine hamsini zinamsubiri.

Usirekodi ufukweni. Mandhari ni mazuri, lakini kusi ikivuma, kipaza sauti cha simu kinasikia upepo tu, na kaskazi nayo haina huruma. Tafuta chumba chenye dirisha moja kubwa. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo dirisha la upande wa bahari linapigwa na jua kali mpaka saa nne hivi asubuhi. Subiri jua lipande, mwanga uwe laini. Kaa ukilielekea dirisha kwa mshazari, lisiwe nyuma yako, la sivyo unakuwa kivuli. Upande wa uso ulio gizani, simamisha shuka jeupe au kipande cha gipsamu kirudishe mwanga.

Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe zina kuta nene, zinazuia kelele za bodaboda, lakini chumba kikiwa kitupu sauti inarudi kama kisimani. Simamisha godoro nyuma ya simu, tandika mkeka, tundika kanga mbili tatu ukutani upande usioonekana. Zima feni. Angalia saa za adhana ujipange kabla au baada yake, maana teki (rekodi moja ya sini) nzuri ikikatwa katikati hairudi vilevile.

Simu ilale kwa ubavu, isisimame wima. Lenzi iwe sawa na macho yako. Ikiwa chini, unaonekana unamdharau mtazamaji. Mbali mita moja na nusu hivi, fremu ianzie kifuani na kuacha nafasi ndogo juu ya kichwa. Rekodi kwa 1080p, weka simu kwenye hali ya ndege, na hakikisha ina nafasi: dakika moja inaweza kula zaidi ya MB 100. Nyuma yako ukuta mtupu wa rangi moja. Usivae nyeupe tupu wala mistari myembamba, kwani kamera inaifanya icheze. Bangili na shanga zivue, kila ukigusa meza zinasikika kuliko maneno.

Anayekusomea mistari ya mwenzako asimame bega kwa bega na simu, asome polepole na kwa sauti ya chini kuliko yako. Wewe mtazame yeye, usiitazame lenzi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni msomaji kukaa mbali pembeni, mwigizaji anageuza shingo na kuonyesha sikio badala ya macho.

Kupunguza

Hapa ndipo penye kazi. Chukua mstari mfupi, tuseme: "Barua imefika lini?" Useme mara tatu na kuurekodi kila mara. Kwanza kama uko jukwaani TaSUBa. Pili kama unamwambia mtu aliye upande wa pili wa meza. Tatu kama mtoto amelala chumbani na hutaki aamke. Ukitazama utaona kwamba ya kwanza inachekesha bila kukusudia. Kati ya pili na tatu ndipo kamera inapoishi. Punguza sauti, lakini usipunguze unachokitaka kwa huyo mtu. Wengi wakipunguza vyote viwili wanabaki wamepooza.

Nyusi ziangalie sana. Jukwaani nyusi zinafanya kazi ya maneno. Kwenye klozi-apu, yaani shoti ya uso kwa karibu, zinaonekana kama mbawa. Mikono vilevile: mtu wa Pwani anaongea na mikono, ni sawa, ila ikipanda hadi usoni inaziba macho. Lafudhi yako ya Mrima, yaani ya pwani hii yetu, usiifute ili ufanane na watangazaji. Kama mhusika ni wa Pwani, hiyo ni mali.

Ukipita usaili na kuingia lokesheni, kuna jambo la pili ambalo jukwaa halifundishi: kurudia. Sini moja inashutiwa kwa mbali, kisha karibu, kisha upande wa mwenzako. Tuseme unakunywa chai ukisoma barua. Kama teki ya kwanza uliinua kikombe kwa mkono wa kushoto kwenye neno "lini", na ukakirudisha kabla mwenzako hajajibu, basi ni kushoto, kwenye "lini", teki zote saba. Kanga iliyokuwa bega la kulia ibaki la kulia. Usipofanya hivyo, mhariri hawezi kuunganisha, na atakachokata ni uso wako.

Na machozi: usiyamalize kwenye shoti ya mbali ambako hayaonekani. Muulize muongozaji klozi-apu inakuja lini, ujiwekee akiba.

Kutuma na kusaini

Mwanzo wa faili weka utambulisho wa sekunde 15: jina, urefu kwa sentimita, mji unaoishi, kisha geuka kushoto na kulia. Sini yenyewe isizidi dakika mbili; tuma teki moja au mbili, zisiwe tano. WhatsApp ikituma kama video inaibana mpaka uso unakuwa uji, kwa hiyo itume kama nyaraka au kwa kiungo cha Google Drive kilichofunguliwa ruhusa. Faili liitwe kwa jina lako na la mhusika, lisibaki na tarakimu za simu.

Usaili wa ana kwa ana ufanyike ofisini au ukumbini, mchana, na uende na mtu. Daladala nyingi za Bagamoyo zinaishia kituo cha Makumbusho, Dar; panga kurudi kabla ya giza. Anayekuita chumba cha hoteli peke yako hatafuti mwigizaji. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113. Hifadhi ujumbe wote, usiufute kwa hasira.

Chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Mkataba useme siku ngapi za kushuti, siku ikizidi saa ngapi unalipwa nini, nauli na chakula ni vya nani, na malipo yanakuja lini. Sehemu yake ilipwe kabla ya siku ya kwanza. Filamu inaweza kutoka sehemu ya kwanza na ya pili, kwa hiyo iandikwe wazi kama malipo ni ya sehemu moja au zote mbili, na kama kipande chako kinaweza kutumika kwenye tangazo. Omba nakala yenye sahihi ya pande zote siku hiyohiyo, kabla hujapanda gari.