Somo: Kuanza uandishi bunifu kwa kozi za awali za mtandaoni

Somo hili limeandaliwa kwa wanachama wa kikundi chetu walioko Kigoma Mjini, Ujiji, Kasulu na vijiji vya jirani wanaotaka kuandika hadithi fupi na ambao hawana darasa la karibu linalofundisha kazi hiyo. Wengi wetu tulisoma fasihi sekondari kwa njia ya uhakiki: tukipewa hadithi, tunatafuta dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi, kisha tunaingia kwenye fani, yaani namna kazi ilivyoundwa. Elimu hiyo ina thamani kubwa, lakini humfundisha mtu kuichambua kazi iliyokwisha kukamilika, na ndiyo maana wengi wanapoketi kuandika huanza na ujumbe, wakatafuta watu wa kuubeba, na hadithi ikageuka kuwa hotuba. Kozi nzuri za awali huanza na mtu mmoja na jambo dogo linalomsumbua. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzipendekeza, ingawa zimetungwa mbali na hufundishwa kwa Kiingereza.

Hatua ya kwanza: chagua kozi moja tu

Kwa anayeanza kabisa, ninapendekeza Start Writing Fiction, kozi ya bure iliyomo kwenye OpenLearn, jukwaa la Open University ya Uingereza. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa mbali, na kisichanganywe na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kozi yenyewe inaweka mkazo kwenye uundaji wa wahusika, na sehemu kubwa ni maandishi, jambo linalomfaa mtu mwenye bando dogo.

Ipo pia Creative Writing ya Wesleyan University ya Marekani, inayopatikana Coursera, jukwaa jingine la kozi za mtandaoni. Huo ni mfululizo wa masomo manne, yaani msuko, wahusika, mandhari na mtindo, ukifuatiwa na kazi ya kuhitimisha. Ni mzuri, lakini ni mrefu, una video nyingi, na cheti chake hulipiwa, ingawa mwanafunzi asiye na uwezo anaweza kuomba msaada wa ada. Uache uwe hatua yako ya baadaye. Mtu aliyejiandikisha kozi tatu kwa mpigo mara nyingi huishia kusoma utangulizi wa zote tatu.

Hatua ya pili: pakua masomo mapema

OpenLearn hukuruhusu kupakua kozi nzima kama PDF, na programu ya Coursera huruhusu kupakua video. Fanya hivyo mahali penye mtandao mzuri, kisha soma nyumbani bila kuwasha data.

Hatua ya tatu: fanya kila zoezi kwa Kiswahili, na ulifanye hapahapa ulipo

Soma maelezo kwa Kiingereza, kisha funga simu, ufungue daftari. Usitafsiri mfano wa kwenye kozi. Ukifanya hivyo utapata mhusika anayekunywa chai kwenye mvua ya London akizungumza Kiswahili, na hutakuwa na lolote la kusema juu yake. Chukua kanuni ya zoezi, uijaze kwa mambo unayoyajua.

Nitaonyesha kwa zoezi moja linalotumika sana kwa wanaoanza: andika aya yenye mambo matatu ya kweli na moja la kubuni. Tuseme umechagua mwalo wa Kibirizi, pale wavuvi wa Kigoma wanaposhushia samaki. Ya kweli ni kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwamba huanikwa asubuhi, na kwamba mvua ikiwakuta mchangani hasara ni ya mwenye mali. Sasa andika:

"Wingu lilikuwa limekwisha kutanda juu ya ziwa, na kila mwenye dagaa mchangani alikuwa akikimbilia turubai. Bi Tatu hakukimbia. Aliketi juu ya ndoo aliyoipindua, akafungua fundo la kanga, akaanza kuhesabu upya fedha za usiku wa jana."

Jambo la kubuni ni hilo moja: hakukimbia. Tazama linavyofanya kazi. Msomaji yeyote wa Kigoma anajua kwamba alipaswa kukimbia, kwa hiyo atauliza kwa nini hakufanya hivyo, na jibu la swali hilo ndilo hadithi yako. Huenda dagaa si wake tena. Huenda fedha zimepungua na anamjua aliyezichukua. Hapakuwa na haja ya kutangaza kwamba umaskini ni mbaya au kwamba tamaa huharibu familia. Kama dhamira hizo zimo, zitajitokeza zenyewe Bi Tatu atakapoinuka pale kwenye ndoo. Andika aya tano za namna hii, kila moja na mtu wake, kabla hujaigeukia sehemu inayofuata ya kozi. Hii ndiyo hatua ninayowaomba msiiruke hata kama muda ni mfinyu.

Hatua ya nne: tafuta wasomaji wawili

Kozi nyingi hutumia wanafunzi wenyewe kusomeana kazi. Kwa kuwa wewe unaandika kwa Kiswahili, jitafutie wasomaji wako. Usiwaulize kama hadithi ni nzuri, kwa sababu watajibu kwa adabu. Waulize ni wapi walichoka na ni wapi hawakuelewa, kisha andika upya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ujiji: Shikamoo Mwalimu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na kimeanza kupotea. Je, nitumie akili mnemba kunitafsiria somo?

Marahaba. Kwa maelezo ya somo, tumia, lakini linganisha na maandishi yenyewe pale maana inapoonekana kupinda. Kwa zoezi, usitumie kabisa. Sentensi utakayoandikiwa inaweza kuwa safi kuliko yako, na bado utakuwa hujajifunza kuunda sentensi.

Mwanachama wa Kasulu: Wahusika wangu huzungumza Kiha nyumbani. Niwaandikie mazungumzo ya Kiswahili sanifu?

Masimulizi yawe ya Kiswahili sanifu. Katika mazungumzo, neno la Kiha liwepo pale ambapo mhusika huyo asingeweza kusema vingine, kwa mfano anapomwita mama yake au anapokasirika, na sentensi inayofuata imsaidie mgeni kuelewa. Ukiweka tanbihi kila mstari, msomaji wa Tanga ataliacha daftari lako.

Mwanachama wa Uvinza: Cheti cha kozi kitanisaidia kwa wachapishaji?

Hapana. Mchapishaji husoma mswada.

Mwanachama wa Mwandiga: Nikimaliza kozi, niingie kwenye mashindano gani?

Kwa Kiswahili zipo mbili zinazojulikana sana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Nyingine ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Hiyo hupokea kazi zenye ukubwa wa kitabu, kwa hiyo hadithi moja haitoshi. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma chochote, hasa aina ya utanzu na idadi ya maneno. Kwa sasa, ndugu yangu, kamilisha hadithi tatu fupi uziandike upya, kisha uzilete kwenye kikao chetu tuzisome kwa sauti.