SOMO: Namna ya kuanza Battle for Wesnoth bila jeshi lako kufyekwa usiku wa kwanza

Wadau habari za muda huu. Kuna mwenzetu aliomba gemu la mikakati la kompyuta ambalo halili hela na halitaki mashine ya maana, jibu langu siku zote ni Wesnoth. Ni bure kabisa, alilianzisha David White mwaka 2003 na mpaka leo watu wanajitolea kuliendeleza. Mle ndani kuna wafalme, wachawi, maorki (viumbe wakatili wa kubuni) na mifupa inayotembea. Linachezwa kwa zamu kama bao, unasogeza watu wako wote taratibu, ukimaliza ndo adui anasogeza wake, hakuna kupapatika na mausi.

Hatua ya 1. Lishushe wesnoth.org, la Windows, Mac na Linux yote yapo. Ni mamia ya MB kwa hiyo tafuta waifai, bando la siku litakatikia njiani. Likishaingia, kampeni, yaani hadithi unayoicheza ramani moja baada ya nyingine, unacheza bila intaneti.

Hatua ya 2. Pitia Tutorial, yaani mafunzo ya mwanzo, usijifanye mjuaji. Halafu chagua kampeni ya A Tale of Two Brothers, ni fupi na imewekwa kwa ajili ya wanaoanza. Heir to the Throne iache kwanza, ni ndefu mno.

Hatua ya 3. Kuajiri. Kamanda wako lazima awe amesimama pale katikati ya ngome, bonyeza Ctrl+R, wapya wanatokea kwenye vyumba (visanduku vya ramani) vya ngome vinavyomzunguka. Changanya watu, usinunue wa aina moja tu. Kisha kimbilia vijiji mapema kabla ya kuwaza vita maana kwenye kampeni kwa kawaida kila kijiji kinakupa dhahabu 1 kila zamu na kinabeba gharama ya askari mmoja wa levo 1, na majeruhi akianzia zamu kijijini anapona pointi 8 za uhai.

Hatua ya 4. Hapa ndo wengi wanafia, someni vizuri. Siku ya Wesnoth ina zamu 6: alfajiri, asubuhi, mchana, magharibi, halafu usiku zamu mbili. Walioandikwa lawful, yaani binadamu wengi, asubuhi na mchana wanaongezewa asilimia 25 ya nguvu na usiku wanakatwa asilimia 25. Chaotic kama maorki na wafu ni kinyume chake. Wengine kama maelfi wengi (elves, watu wa msituni) ni neutral, saa haiwahusu.

Sasa piga hesabu. Spearman, yule wa mkuki, anapiga 7 mara tatu. Grunt wa maorki anapiga 9 mara mbili. Mchana Spearman anakuwa 9 mara tatu yaani 27 ikipata yote, Grunt anashuka mpaka 7 mara mbili, 14. Giza likiingia Spearman huyohuyo ana 15 na Grunt ana 22. Watu ni walewale, uwanja uleule, kilichobadilika ni saa tu! Kwa hiyo ukiwa na binadamu, magharibi ikifika acha ushujaa, rudi nyuma ukae vijijini na ngomeni, waache maorki waje wenyewe, alfajiri watakuwa wametawanyika mbele yako na hapo ndo unaanza kuwachuma. Mimi naona mtu akishika hili moja tu keshamaliza nusu ya gemu.

Hatua ya 5. Angalia ulichokanyaga. Spearman akiwa kwenye majani kila pigo la adui lina asilimia 60 ya kumpata, akiwa kijijini asilimia 40. Orki akiwa kwenye maji ya kina kifupi unampata asilimia 80, kwa hiyo ukikuta mto usivuke, panga mstari ng'ambo yako umsubiri aingie majini. Na huhitaji kubanana bega kwa bega, askari wa levo 1 na kuendelea akimkaribia adui anamkatia mwendo, hata mkiachiana chumba kimoja au viwili hapiti katikati kwa zamu hiyo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu hili gemu ni wizi mtupu. Nina asilimia 60, nimekosa zote tatu!!
Jibu: Pole kaka, lakini kukosa zote tatu kwa asilimia 60 kunatokea kama mara 6 katika 100, na kwenye vita moja unapiga mara nyingi mno, lazima itakukuta. Usiweke mpango unaotegemea pigo moja. Tuma wa pili na wa tatu wakiwa jirani.

Swali: Mifupa naichoma mikuki haifi, shida nini?
Jibu: Skeleton anakwepesha asilimia 60 ya nguvu ya mkuki, unapoteza muda tu. Mpelekee Mage, yule mchawi wa moto, moto unamuumiza zaidi na uchawi wake unapata asilimia 70 popote adui aliposimama. Heavy Infantryman naye anafaa, rungu lake linavunja mifupa vizuri ila anatembea kama kabeba gunia.

Swali: Kaka, Mage wangu hapandi levo na kila nikimpeleka mbele anakufa.
Jibu: Dada, usimpeleke kuanzisha. Waache wenzie wamchoshe adui kwanza, yeye aje kumalizia. Kupigana tu na wa levo 1 kunampa pointi 1 ya uzoefu, kumuua kunampa 8. Akipanda utachagua, mi nakushauri White Mage maana anatibu wanaomzunguka.

Swali: Nikikaa kukusanya dhahabu mpaka zamu ziishe si ndo nitakuwa tajiri ramani inayofuata?
Jibu: Hapana mkuu, kwenye kampeni nyingi unavuka na asilimia 40 tu ya ulichonacho, na ukimaliza mapema unapewa bonasi kwa zamu zilizobaki. Ukishamzidi adui mmalize usonge. Na wale wakongwe wako wasikuishie huku, ramani ijayo kumwita mmoja ni dhahabu 20 na anakuja na levo yake.