Jinsi ya kutuma dosie ya PDF bila kuiacha sibere

Dosie yangu ya kuomba kazi ilirudishwa mara mbili. Fomu yenyewe haikuwa ngumu. Kilichonitesa ni kamstari kadogo chini yake: "faili moja ya PDF, isizidi MB 2."

Nikaenda sibere (duka la kompyuta na intaneti) moja hapa Lubumbashi na diploma ya Serikali, kadi ya mpiga kura na cheti cha kuzaliwa. Faranga 500 kila ukurasa. "Papa, iko tayari." Tayari kweli: MB 31! Kijana alikuwa ameskani kwa rangi, DPI 600 (DPI ni wingi wa nukta za picha), utadhani tunachapa bango la uchaguzi. Mwambie kabla hajabonyeza: DPI 150 au 200, kijivu. Si nyeusi na nyeupe tupu, mhuri utageuka doa.

Ili kuipunguza akaipakia kwenye tovuti ya bure. Ilirudi nyepesi, tarehe hazisomeki, na nakala ya kadi yangu pamoja na sahihi vimebaki kwa watu nisiowajua. Umeme ukakatika. Uliporudi, tukaanza upya na nikalipa upya.

Mara ya pili nilipiga picha nikajitumia kwa WhatsApp. Picha zilibanwa, zikakataliwa. Huko tuma kama dokumenti, si kama picha.

Kilichofaulu ni hiki. Weka karatasi karibu na dirisha, si chini ya balbu. Kwenye Android, Google Drive ina sehemu ya kuskani. Kwenye iPhone iko ndani ya Notes. Kurasa zote ziingie faili moja. Ikiwa bado nzito, ifungue kwenye kompyuta kwa LibreOffice Draw, programu ya bure, chagua kuihamisha kama PDF, shusha picha hadi DPI 150. Hatua hii ya LibreOffice haili hata mega moja, na hakuna kinachotoka kwenye kompyuta yako.

Ukitaka kuficha namba, usiweke kisanduku cheusi juu yake tu: mara nyingi kinaondoka na namba iko pale pale. Ifunike kwenye fotokopi, ndipo uskani.

Flashi ikitoka sibere, usifungue chochote kabla ya kuona jina lote. Kwa kawaida Windows huficha mkia wa jina la faili, na "diploma.pdf" inaweza kuwa "diploma.pdf.exe".

Nilirudi kufuta faili zangu. Kijana akacheka, akanipisha kwenye kiti. Juu ya skrini hamna kitu. Kwenye vipakuliwa nikazikuta: diploma, diploma(1), diploma(2), na chini yake kadi ya mama mmoja nisiyemjua, uso wake wote.