Namna ya kupata vitabu vya kila aina maktabani Dodoma

Ukiingia maktaba ya mkoa, usivutwe na jalada. Soma namba mgongoni mwa kitabu. Kwa mpangilio wa Dewey, unaovipa vitabu namba kulingana na mada, fasihi huanzia 800, na ya Kiswahili ni 896.392. Ngano, yaani hadithi za mapokeo, wengi huzikosa kwa kuzitafuta humo, kumbe ziko 398.2, jirani na mila na desturi. Hapo ndipo pa kuulizia simulizi za Wagogo.

Azima vitatu: riwaya ya upelelezi (Muhammed Said Abdulla ni mlango mzuri mno), tamthilia, diwani. Riwaya ipe kurasa 20. Tamthilia isome kwa sauti, la sivyo itakuchosha. Mashairi, beti tatu kwa siku zatosha. Kikikushinda kimoja, jaribu mwandishi mwingine kabla hujauacha utanzu wenyewe.